Daftari la Msimu wa Senene

Maruku, Jumapili, 3 Novemba 2024

Baada ya misa wanaume tulibakizwa kwa semina. Mada: baba wa kisasa. Mtoa mada, kijana wa mjini mwenye kipaza sauti kinachokoroma, alitutaka tuwe karibu na watoto, tuwapakate, tuingie jikoni mama akiwa amechoka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi atuletee na magauni." Watu wakacheka, mtoa mada naye akacheka, na mada ikafia hapo.

Mzee hakunikera. Kilichonikera ni kwamba semina nzima ilimhusu baba ambaye mkewe yupo nyumbani. Ukiyapitia mabenchi ya kanisa letu, wake wa wangapi wapo? Mmoja anauza mitumba Mutukula, mwingine ni mwalimu aliyepangiwa Ngara, wengine tuliwazika. Wa kwangu yuko Mwanza, Bugando, anasomea shahada ya uuguzi. Humu ndani tupo mimi na watatu: binti wa darasa la sita, kijana wa darasa la tatu, na huyu mdogo ambaye hajatimiza miaka mitatu lakini ndiye anayetoa amri.

Alhamisi, 7 Novemba

Utomvu wa ndizi hausikii sabuni. Leo nikiandika ubaoni niliona kidato cha pili wananitazama vidole na kunong'onezana. Vidole vyeusi ni vya mama zao.

Kumenya kuna ufundi wake. Unapaka mafuta mikononi kwanza, unakata ncha zote mbili, kisha kisu kinapita chini ya ganda bila kula nyama. Ukikosea pembe, ndizi inabaki na michirizi ya kijani na ikiiva kwenye chungu inakuwa chungu kidogo. Kijana wangu anaijua hiyo michirizi na anaisukuma pembeni ya sahani bila kusema neno. Maharage nayachemsha tangu jana usiku. Asubuhi nafunika na majani ya mgomba, naacha moto mdogo, nawahi kengele.

Ndizi zikiiva zinageuka kuwa za wanaume. Hakuna Mhaya anayeona haya kuingia kwenye mtumbwi wa mbao na kuzikanyaga ndizi mbivu na nyasi mpaka zitoe maji, akatia mtama uliokaangwa, akasubiri rubisi, pombe ya ndizi. Kazi ile inanata, inachosha, inachukua siku nzima, na wanaume wanaifanya huku wakiimba. Kwa hiyo shida haikuwa utomvu wala jasho. Rubisi inanyweka mbele za watu na inauzika. Kahawa vilevile: ya baba tangu mwanzo, kwa kuwa kahawa ni fedha. Wanaume wanaouza butura, kahawa ikiwa bado maua mtini, huwa hawawaulizi wake zao.

Jumatano, 13 Novemba

Kliniki. Mdogo alikataa kutembea, nikambeba mgongoni kwa kitenge cha mama yake. Kwenye benchi nilikuwa peke yangu mwenye ndevu.

"Mama yake yuko wapi?"
"Yuko masomoni, sista."
"Bibi yake?"
"Alishafariki."
"Dada wa kazi hamna?"
"Hatuna."

Muuguzi akanitazama, akaichukua kadi, akasema, "Baba apite mbele." Nikakataa. Kina mama nao wakadakia, "Baba apite, baba apite!" Mama mmoja mwenye mapacha, aliyefika kabla yangu na pengine tangu saa 12, ndiye aliyenisukuma begani. Nikapita. Mdogo akapimwa, akapiga kelele, uzito mzuri.

Nimerudi nyumbani na sifa ambazo sijazifanyia kazi. Mke wangu amekaa kwenye mabenchi hayo kwa watoto wote watatu na hakuna aliyewahi kumpisha. Kibaya zaidi, mjamzito akienda hudhurio la kwanza bila mume, sehemu nyingi anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji aeleze mume yuko wapi. Baba akija peke yake anashangiliwa. Mama akija peke yake anatakiwa kujieleza.

Mdogo alipozaliwa, mwaka 2022, nilipewa siku 3. Ndiyo sheria, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mama siku 84, baba angalau 3, tena azichukue ndani ya wiki ya kwanza. Ng'ambo ya Mutukula, Waganda wanapewa 4. Wakenya wanapewa wiki 2. Siku ya kwanza niliimaliza kutafuta mafuta ya pikipiki, ya pili kupokea wageni, ya tatu kuwasindikiza. Mtoto nilimpakata usiku.

Jumamosi, 16 Novemba, usiku

Senene wameshuka! Kwenye taa ya nje hawahesabiki, wa kijani na wa kahawia, ukuta mzima unatambaa. Kule juu barabarani wafanyabiashara wamesimamisha mabati na taa kali, na mapipa yanajaa. Sisi tuna ndoo na taa moja. Watoto walikuwa nje mpaka saa 5, mdogo naye anapiga kelele kila mmoja akimrukia usoni.

Tumekaa jikoni kunyonyoa: mbawa kwanza, kisha miguu, tumbo linabaki safi. Wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu basi. Binti yangu anakula akiwa bado anakaanga, anapuliza vidole.

Bibi yangu hakuwahi kumweka senene mdomoni. Wanawake walikuwa wanawaokota alfajiri wakiwa wameloa umande, wanawanyonyoa, wanawakaanga, wanampelekea mume kwa heshima, na mume kwa shukrani anamnunulia mke nguo. Mwanamke hali. Nilimuuliza mara moja kama hakutamani. Akasema, "Ningekula nikapate ugonjwa gani?" Mwiko huo umekufa bila semina, bila sheria, bila kikao. Wasichana walianza kula wakiwa shule za bweni, kisha wakarudi nyumbani wakala mbele ya baba zao, na baba zao wakasogeza sahani. Ipo miiko inayokufa hivyo. Mingine haifi hivyo, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi, maana imefungwa kwenye ardhi.

Jumanne, 19 Novemba

Simu ya Mwanza saa 1 asubuhi. "Baba, nenda dukani kwa binti yako." Sikuelewa. "Ameniambia mimi kwa simu ya jirani. Nenda kanunue pedi, usimuulize kitu."

Kazi hii ilikuwa ya shangazi. Shangazi zake ni wawili, mmoja yuko Dar, mwingine yuko makaburini chini ya mti wa mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba. Nikaenda. Dukani walikuwepo vijana watatu wa bodaboda, nikaagiza kwa sauti ya kawaida, sauti ileile ninayoagizia chumvi. Muuzaji akafunga kwenye gazeti, akaongeza mfuko mweusi juu yake, akanikabidhi huku anatazama dari. Bei imeniuma. Nakumbuka serikali ilivyoondoa VAT kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018, mwaka uliofuata ikairudisha kwa hoja kwamba bei dukani haikushuka. Hoja ilikuwa ya kweli, ila aliyenunua akalipa yeye.

Niliweka mfuko kitandani kwake, na ndoo ya maji ya moto mlangoni. Jioni aliandaa chai bila kuombwa na kuniwekea sukari nyingi mno. Nikainywa yote.

Jumapili, 24 Novemba

Kijana wangu ameuliza kwa nini mimi sina picha na baba.

Baba alifariki 1991, mama 1993. Nilikuwa na miaka saba, kisha tisa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na kabla haujapata jina hilo watu walikuwa wanauita Juliana, jina la fulana zilizokuja na magendo kutoka Uganda. Baba alikuwa mtu wa biashara ya mpakani. Sikumbuki akinipakata. Namkumbuka anaingia na harufu ya dizeli, na mimi natumwa maji ya kunawa.

Tulichukuliwa na bibi mzaa mama, Muleba. Wajukuu tulikuwa wengi kuliko vikombe. Nyumba yetu ilikuwa mojawapo ya zile 915 zilizoandikishwa na watafiti wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kati ya 1991 na 1994. Walikuwa wanakuja kila baada ya miezi kadhaa na mizani na ubao wa kupimia urefu, wanamuuliza bibi amekula nini, ameuza nini, nani amefariki tangu walipokuja mara ya mwisho. Sisi watoto tulipanga foleni tupimwe, tukidhani anayepungua ataletewa chakula. Miaka mingi baadaye, 2004, wakanitafuta tena, nikiwa kidato cha sita. Kijana mwenye fomu aliniuliza, "Mkuu wa kaya ni nani?" Nikamwambia ni bibi. Akauliza tena kama hakuna mwanaume mtu mzima. Nikamwambia aandike bibi.

Yeye ndiye baba ninayemjua. Alikata kuni, aliuza ndizi, alikwenda shuleni kugombana na mwalimu mkuu kwa ajili ya ada yangu, na usiku alitusimulia kama mama. Wakati shirika la Kwa Wazee pale Nshamba lilipoanza kuwapa wazee kama yeye pensheni kidogo ya kila mwezi, aliipokea kwa mashaka, akanunua mbuzi.

Ndiyo maana nawashangaa wanaosema majukumu ya wazazi yanabadilika siku hizi kwa sababu ya televisheni na wanawake kusoma. Huku kwetu yalibadilika miaka thelathini na ushee iliyopita, na hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Kuna kizazi kizima cha wanaume wa umri wangu, Bukoba na Muleba, waliolelewa na vikongwe. Tulijua kupika, kufua, kubeba mtoto mgongoni, maana usipombeba mdogo wako nani atambeba? Halafu tulipooa tukajifanya hatujui.

Jumatano, 27 Novemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimepanga mstari na mdogo begani. Mgombea mmoja alimpa pipi, mdogo akamrudishia kijiti.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama watoto amekuja likizo na basi la usiku. Mdogo alimtazama, akanishika suruali. Ilichukua mpaka mchana amkubali. Mke wangu hakulia mbele yetu.

Jioni nilimsimulia ya kliniki, nikidhani atacheka. "Kwa hiyo walikupisha," akasema. Akaendelea kukunja nguo. Baadaye akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka sasa ninapoandika: kwamba akimaliza masomo atarudi, na nikimrudishia jiko lote kama mtu anayerudisha jembe la kuazima, atajua nilikuwa nafanya maonyesho.

Jumamosi, 28 Desemba

Krismasi imerudisha ukoo nyumbani: Dar, Mwanza, Kampala, magari manne yamebanana kwenye njia ya migomba. Makaburi yamepakwa chokaa. Leo kikao, baba mdogo mwenyekiti.

Huyu mzee lazima nimwandike kwa haki. Baba alipofariki, kibanja hiki angeweza kukimeza, kama walivyofanya wengi kwa yatima wengi. Hakukimeza. Alikipalilia, aliweka mbolea, akauza kahawa na kumpelekea bibi Muleba fedha, na nilipomaliza chuo akanikabidhi mbele ya mashahidi, mpaka kwa mpaka. Musika, yaani mrithi, ni wewe, akaniambia, mimi nilikuwa mlinzi tu.

Nilisema nilichokusudia: kwamba nataka sehemu ya chini, kuanzia kisima hadi barabarani, iandikwe jina la binti yangu, na ya juu yenye nyumba na makaburi iwe ya hawa wawili, wa kiume na huyu mdogo, ambaye naye ni wa kike.

Kimya. Kisha baba mdogo, taratibu: "Na akiolewa, migomba itaolewa naye?"

Nilitegemea upinzani wa wazee. Sikutegemea kwamba wa kwanza kumuunga mkono angekuwa binamu yangu wa Kimara. Huyu ndiye baba wa kisasa wa ukoo wetu: anabadilisha nepi, anaamka saa 10 kuwapeleka watoto shule, jana nilimwona anawaogesha binti zake watatu kwenye beseni huku anawaimbia. Akasimama na kusema ardhi ya ukoo haigawiwi kwa mtu atakayeondoka na jina. Nikamtazama. Ana binti watatu na hana wa kiume. Akifariki leo, kwa maneno yake mwenyewe, binti aliowaogesha jana watakuwa wapangaji kwenye kaburi lake.

Nikawasimulia kesi ya hapahapa wilaya ya pili. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988, uzeeni, akaiuza kwa Gervazi Kaizilege kwa shilingi 300,000. Ndugu yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kupinga, akashinda, kwa kuwa mila ya Kihaya iliyoandikwa ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo, siyo kuiuza. Mahakama ya Wilaya ikaigeuza hukumu. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo ni ubaguzi, inapingana na haki zilizowekwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mwanamke na auze kama mwanaume anavyouza.

Baba mdogo alisikiliza yote. Alipoona nimemaliza akauliza, "Huyo jaji ni wa ukoo gani?"

Kicheko kikubwa. Na mimi nilicheka, maana swali lilikuwa zuri. Kikao kikahamia kwenye mchango wa kujenga ukuta wa makaburi.

Ninachokiona ni hiki, na nakiandika kwa ajili yangu: kuogesha mtoto ni rahisi. Mwanaume anaweza kumenya ndizi, kwenda kliniki, kununua pedi, akasifiwa njia nzima, na akifa binti yake akaondoka na sufuria. Jikoni tunabadilika kwa sababu huko hatupotezi kitu. Kibanja ndicho kipimo.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Baba mdogo amekuja peke yake, na fimbo na mfuko wa kahawa za kutafuna. "Shikamoo baba." "Marahaba." Tukatafuna. Aliongea kuhusu mnyauko, kwamba nisiache maua ya migomba yaning'inie, niyavunje kwa kijiti chenye panda na nisitumie panga, na kwamba vijana wa kituo cha utafiti pale juu walimwonyesha. Anajua nilishajua. Kisha: "Wewe unaogopa nini hasa?"

Nikamwambia naogopa binti yangu akiachika kesho aende kuomba mlango kwa kaka yake.

Akatafuna. "Dada yako mkubwa wa kwa baba mkubwa," akasema, "alirudi hivyo." Hakuendelea. Sote tunajua alivyoishi kwenye chumba cha nyuma mpaka mwisho.

Aliniomba muda. Akaacha mfuko wa kahawa.

Jumanne, 21 Januari

Jana Rais alitangaza ugonjwa wa Marburg Biharamulo. Shuleni watu wamenyamaza ghafla, na kila mtu Maruku anajua kwa nini. Machi 2023 ilikuwa hapa, kata yetu na Kanyangereko. Wagonjwa 9, wakafariki 6, na mmoja wao alikuwa mhudumu wa afya.

Mke wangu, muuguzi, alikuwa zamu. Mdogo alikuwa na miezi saba. Aliporudi usiku ule alisimama uani, akaniambia nisimkaribie na nisimlete mtoto, akalala kwenye chumba cha stoo. Akaendelea kulala huko mpaka alipojiridhisha. Mtoto alilia ziwa, nikampa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na uji wa ulezi kwa kijiko, naye anatema, nampa tena. Tulizungumza kwa dirisha, yeye upande wake na mimi na mtoto upande wetu. Tarehe 2 Juni wakatangaza ugonjwa umekwisha.

Hapo ndipo nilipoacha kujifanya sijui. Leo nimempigia simu saa ya mapumziko. Anasema wameanza kuwafundisha upya kuvaa mavazi ya kinga. Sikusema kitu. Nikamwambia mdogo anakula.

Jumamosi, 25 Januari

Asubuhi baba mdogo amekuja na kamba. Hakusalimia sana. "Mpaka wa chini unaujua wewe?" Siujui. Anayeujua ni yeye peke yake, na jirani wa bondeni anayeujua kwa namna yake.

Tukashuka sote, yeye mbele na fimbo, mimi, binti na daftari la hesabu, kijana na jembe. Kuanzia kisimani mlamula wa kwanza, mti wa kuonyesha mpaka, upo, mnene, wa zamani za babu. Wa pili umeng'olewa. Baba mdogo alisimama pale kwa muda, akatazama upande wa jirani, akasonya. Akamwambia kijana achimbe, akakata tawi la ule wa kwanza, akampa binti apande. Binti akauliza aandike hatua ngapi. "Andika unavyohesabu wewe," akajibu, "hizi zitakuwa hatua zako za kugombana nazo."

Juu ya mawe ya kisima alisema masharti yake: asiuze kwa mtu baki kabla ya kumuuliza kaka yake na mdogo wake. Nikamwambia sharti hilo nitaliandika kwa wote watatu, kijana naye asiuze kabla ya kuwauliza dada zake. Akafikiri. "Haya," akasema, "kwa wote."

Wosia nimeuandika usiku huu kwa mkono, kurasa mbili. Kwa anayejua kusoma na kuandika, mila iliyoandikwa 1963 inataka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na mke awepo. Wa ukoo nimempata. Mama watoto atakuja Pasaka. Jirani wa bondeni sitamtumia, kwa sababu ya mlamula ule. Jumatatu nikitoka shule nitapita kwa katekista. Akikataa, kuna fundi wa baiskeli.